Hodi ya Mwalimu wa Historia

Hakuwahi kupita mlango wowote bila kubisha hodi. Mlango uwe wazi au umefungwa, uwe wa mtu mwingine au wake mwenyewe, alisimama kwanza kizingitini, akakunja kidole cha kati, akagonga, kisha akangoja. Darasani wanafunzi walikuwa wameshamwona tangu anapokata kona ya korido na mkoba wake wa kahawia begani, lakini alingoja vilevile mpaka darasa zima liitikie, "Karibu, Mwalimu." Stoo ya vitabu, ambamo hamkuwa na kiumbe ila panya, aliibishia. Akirudi nyumbani kwake, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyokaa peke yake sasa, akiwa mjane, alitia ufunguo kwenye kitasa, akabisha, akasikiliza kidogo, ndipo akaingia.

"Iko siku utalibishia hodi friji," mwalimu wa hesabu alimtania.

"Siku litakaponiitikia ndiyo siku nitakayoacha kula," akamjibu.

Wanafunzi walimwita Bi Hodi, wakidhani hajui. Alijua. Na kama kubisha kwake kulikuwa kazi, kubishiwa kwake kulikuwa kazi zaidi. Ukigonga mlango wake aliuliza, "Nani?" Ukisema, "Mimi," alikuacha nje. "Mimi nani? Kila mtu ni mimi." Mpaka ujitaje, jina na unakotoka, ndipo kitasa kigeuke.

Binti wa mdogo wake alikulia katika hodi hizo. Mama yake aliolewa mbali angali kijana, akafia huko huko, na msichana akaletwa na begi moja la nguo kwa mama yake mkubwa, ambaye hakujaliwa mtoto. Akasomeshwa, akawa mwalimu wa jiografia katika shule ile ile, milango miwili kutoka kwa Bi Hodi. Shuleni waliitana Mwalimu, kila mmoja kwa adabu zake. Nyumbani alikuwa Mama Mkubwa. Mara chache ulimi uliteleza mbele ya wanafunzi, na darasa likacheka mpaka kengele.

Siku hizi shule nzima ilimwita binti huyo Mratibu, kwa sababu ya ule mradi. Shule moja ya ng'ambo, katika mji ambao wenyewe walikiri kuwa nusu ya majumba yake ya mawe yalijengwa kwa faida ya kusafirisha watu baharini, ilitafuta shule rafiki ya kufundisha nayo somo la utumwa na kukomeshwa kwake. Wanafunzi wa pande mbili wangekutana kwenye skrini, wasome pamoja, waulizane. Mwisho wa mwaka baadhi yao wangetembeleana. Walimu waliozoea kugombania kipande cha chaki walijikuta na projekta mpya na makabati ya vitabu vyenye harufu ya gundi. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema mkuu wa shule, na kwa kuwa mwalimu wa jiografia aliijua vizuri lugha ya wageni, kazi ya kuratibu na kutafsiri ikamwangukia yeye. Bi Hodi aliijua pia, lakini ya kusoma na kusikiliza. Kuizungumza, alisema, kunamkaza taya.

Sura yenyewe Bi Hodi alikuwa ameifundisha maisha yake yote ya kazi, na Mratibu, ambaye aliwahi kukaa dawati la pili katika darasa hilo hilo, alikumbuka ilivyofundishwa. Sura za vita Bi Hodi alizisimulia mpaka watoto wakasahau kuandika. Sura ya utumwa aliipita kama mtu anayempita mbwa asiyemjua: bila kukimbia, bila kugeuka na bila kusimama. Njia za misafara, masoko, mikataba. Ramani, mishale. Maswali? Hakuna. Anafuta ubao. Mratibu aliliona hilo tangu utotoni na hakuliuliza kamwe. Yapo mambo mtu huyajua kwa njia hiyo, kwa kutoyauliza.

Zoezi la kwanza lilipoletwa, alilipeleka kwa mama yake mkubwa jioni, akamkuta anapiga pasi blauzi ya kesho.

"Wanataka kila mtoto aulize nyumbani kwao. Kwenu inakumbukwa nini kuhusu utumwa? Halafu asimulie kwenye skrini."

"Na wenzetu kule wameuliza?"

"Wameuliza, wamepata mambo mazito. Wametengeneza ukuta mzima maktabani kwao. Upande mmoja waliochukua, ndio wao. Upande wa pili waliochukuliwa, ndio sisi. Upande wetu bado mtupu, wanangoja."

Bi Hodi aliisimamisha pasi wima. "Upande mmoja hautatutosha."

"Ukuta mkubwa, Mama Mkubwa. Nimeuona kwenye picha."

"Haya." Akageuza kola. "Kuuliza ni rahisi, mwanangu. Atakayefagia majibu ni nani?"

Lakini Mratibu alikuwa na haraka. Kule walitaka jibu kabla ya wiki kwisha, na zoezi likaenda nyumbani kwa kila mtoto kama lilivyoletwa.

Siku ya kipindi walifunga mapazia ya maktaba. Skrini ilionyesha darasa la ng'ambo, watoto wamevaa masweta mazito, na mwalimu wao, mwanamume mrefu mwenye ndevu za kijivu, akipunga mkono kama mtu aliye upande wa pili wa mto. Bi Hodi aliubishia mlango wa maktaba, akaitikiwa, akaketi nyuma kabisa karibu na swichi ya feni. Mratibu alisimama mbele, kipaza sauti mkononi, tayari kuyavusha maneno.

Watoto walisimulia mmoja mmoja. Mmoja alisema kwao hakuna anayekumbuka. Mwingine alitaja wimbo wa kulalia watoto ambao bibi yake alikataa kuumalizia. Kisha akasimama msichana wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimwita Redio kwa kuwa hakuwa na mahali pa kumzimia. Alikuwa mjukuu wa Mzee wa Mbao, mwenye ghala la mbao na nyumba kongwe kuliko zote barabarani. Aliweka mikono nyuma, akasema bila kusoma popote.

"Babu amesema ukoo wetu haukuchukuliwa. Ukoo wetu ulikuwa na mashamba, na watu wa kuyalima walinunuliwa. Walikaa vyumba vya nyuma ya nyumba yetu, pale tunapopanga mbao sasa."

Mratibu akatafsiri. Kule wakaandika kwa kasi.

"Mmoja alikuwa mpishi, msichana mdogo, alizaliwa mle mle. Babu amesema mjukuu wa huyo mpishi amesoma sana. Mjukuu wake ni mwalimu wetu wa historia." Redio akageuka nyuma, uso umejaa furaha ya mtu aliyeleta zawadi. "Kwa hiyo mimi na Mwalimu tumetoka nyumba moja."

Feni ilisikika inavyozunguka. Hakuna aliyegeuza shingo, na kila mtu alitaka kuigeuza. Mratibu alikuwa na kipaza sauti mdomoni. Kule walimngoja, kalamu juu. Akawaambia kwa lugha yao kwamba mmoja wa watu wale alikuwa mpishi, na kwamba mwanafunzi huyu anawashukuru kwa kumsikiliza.

Wakapiga makofi. Darasa zima la masweta lilipiga makofi, na mwalimu mwenye ndevu akaweka mkono kifuani.

"Hujamaliza kutafsiri, Mwalimu," Bi Hodi alisema kutoka nyuma, kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu kamba ya kiatu imefunguka.

"Mtandao una shida," Mratibu akajibu, akauchomoa waya. Skrini ikabaki bluu.

Lisemwalo halihitaji mtandao. Kabla wanafunzi hawajafika getini habari ilishafika dukani, na kutoka dukani ikapanda ngazi za kila nyumba. Nyumbani kwa Mratibu ilifika kabla yake. Mama mkwe wake alikuwa sebuleni, mwanamke mwenye kujua mababu zake mpaka wa saba na kuwataja mezani kama mtu anayepitisha chumvi. Familia yao ilihamia mji ule miaka ya karibuni, haikujua nani ni nani kwa nani. Siku ya kuposa alimuuliza Bi Hodi, aliyesimama mahali pa mzazi, "Nyinyi ni wa ukoo gani?" Bi Hodi akajibu, "Ukoo wa walimu." Watu wakacheka, na swali likapita na kicheko.

Sasa liliporudi halikucheka. "Huyu mama yako mkubwa," mama mkwe alianza, akipangusa miwani. "Ni mama yako mkubwa wa vipi?"

Na Mratibu, kabla hajajua kuwa atasema, akasema, "Si wa damu, mama. Alikuwa rafiki wa marehemu mama. Alinilea tu."

Ilikuwa rahisi kupita kiasi. Nani hana mama mkubwa wa namna hiyo? Mji umejaa mama wakubwa na baba wadogo wasio na tone la damu kati yao. Waliojua ukweli walikuwa wazee wachache, na wazee hawakuulizwa.

Wiki hiyo mkuu wa shule aliwaita ofisini. Bi Hodi alibisha, akangoja, akaingia, Mratibu nyuma yake. Mzee wa Mbao alikuwa ameshakaa, kofia magotini, unga wa mbao ungali kwenye mikunjo ya suruali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa mwema kwa urahisi, na urahisi ulikuwa umekwisha.

"Mtoto alisikia vibaya, Mwalimu," alisema. "Mimi nilimwambia watu wa nyumbani. Walikuwa kama watoto wetu."

"Kama watoto wenu," Bi Hodi akarudia, kama anayeonja mchuzi. "Na watoto wengine mliwanunua soko gani?"

Mkuu wa shule akakohoa. Alikuwa mwanamume mpole aliyependa amani kama wengine wanavyopenda usingizi. "Mwalimu wangu, maji yameshamwagika, hayazoleki. Lakini tunaweza kutandika mkeka juu yake. Jumatatu mtoto asimame mbele ya shule, aseme alikosea, aombe radhi kwa kukuvunjia heshima. Wewe umsamehe. Wenzetu wanataka kipindi cha pili, tuwaonyeshe tumetulia."

"Alikosea nini?"

"Alisema kwamba bibi yako..."

"Alisema nini ambacho si kweli?"

Mzee wa Mbao aligeuza kofia yake, akaikagua kwa ndani.

"Tulimwambia aulize, akauliza," Bi Hodi alisema. "Akaambiwa, akasema. Hilo ndilo lilikuwa zoezi. Mkimsimamisha Jumatatu ajiite mwongo, mimi Jumanne nitaingia darasani nimfundishe nini? Ningojeni hadi kipindi cha pili. Nitasema mwenyewe kama ni uongo au ni kweli."

Jioni yake Mratibu alimfuata nyumbani. Alikuta taa ya jikoni imewaka na madaftari ya wanafunzi yamepangwa mezani. Hakukaa.

"Mama Mkubwa, yaache. Mtoto ataomba radhi, baada ya wiki atakuwa amesahau. Watoto husahau."

"Wewe ulipokuwa na umri wake, ulisahau nini?"

Alikuwa na umri ule ule alipoletwa na begi lake la nguo. Akavuta kiti, akakaa.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza baadaye.

"Hukubisha." Bi Hodi alisogeza madaftari pembeni. "Ulipita mbele ya mlango huo kila siku, mwanangu. Nilikuwa ndani, nakusikia unapita. Na mimi sikutoka. Hilo nalo ni langu."

Akaweka maji ya chai jikoni, akaendelea akiwa amempa mgongo.

"Bibi alikuwa akisema chumba kile cha nyuma kilikuwa na mlango, tena mlango mzuri, mbao ngumu. Lakini haukubishwa. Mwenye nyumba aliingia, mkewe aliingia, watoto wao waliingia, mtu anaoga, mtu analia, wao wanaingia tu. Alipopata chumba chake cha kwanza cha kupanga, alikaa ndani kutwa, kazi hakwenda, anangoja mtu abishe. Akaja muuza mkaa, akabisha. Bibi akamwacha nje kwanza. Akabisha tena. Alisema hakuwa na ubaya naye. Alitaka tu kuisikia mara ya pili."

Maji yakaanza kuimba kwenye birika.

"Hiyo ni yako na bibi," Mratibu alisema polepole. "Mimi nina mume, nina watoto. Watoto wangu watakwenda kuoa na kuolewa hapa hapa. Unajua watu watakavyowaita."

"Najua wanavyoita. Mimi nimeitwa." Akamimina chai, akampa kikombe. "Wewe sitakutaja. Lakini mtoto wa watu hataitwa mwongo ili sisi tukae vizuri."

Mratibu alikunywa chai ile yote ingawa ilimchoma. Kuhusu alichomwambia mama mkwe, hakusema neno. Alijiambia kuwa halijaulizwa.

Kipindi cha pili maktaba ilijaa mpaka mlangoni. Walimu wasio na vipindi walisimama ukutani, na Mzee wa Mbao alipewa kiti mwishoni mwa mstari. Redio alikaa peke yake. Wenzake walikuwa wameacha nafasi pande zote mbili za dawati lake. Bi Hodi alipobisha na kuitikiwa, hakwenda nyuma. Alikwenda akakaa kwenye dawati lile, kando ya Redio, magoti yake yakagota chini ya meza ya mtoto.

Kule ng'ambo mwalimu mwenye ndevu alisema wameambiwa kipindi kilichopita kilikatika kabla ya mwisho. Bi Hodi akasimama. Alizungumza kwa lugha yake, kwa vipande vifupi, akimpa Mratibu nafasi ya kuvusha kila kipande.

"Huyu msichana alisema kweli. Bibi yangu alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba yao. Alipika humo. Hakulipwa. Siku watu walipotangaziwa kwamba wako huru, mama yake hakuwa na pa kwenda, wakaendelea kukaa chumba kile kile, na mlango ukaendelea kutobishwa. Kitabu tunachosoma kinamaliza sura siku ya tangazo. Kwao sura haikuishia hapo. Nimewafundisha watoto wengi kwamba iliishia hapo, kwa sababu ndivyo nilivyoweza kuipita."

Mratibu alivusha yote.

"Na ukuta wenu," Bi Hodi aliongeza, "una pande mbili. Hapa kwetu tunakaa dawati moja. Tafuteni namna."

Kule hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mwalimu mwenye ndevu alivua miwani. Kisha msichana mmoja wa masweta akanyoosha mkono, akauliza kitu kwa upole, akimtazama Bi Hodi, na Mratibu akakishusha kipaza sauti.

"Anauliza," alisema, "kama una ndugu wa damu hapa. Wa ukoo wa bibi. Au umebaki peke yako."

Bi Hodi alikuwa ameshaelewa kabla ya tafsiri. Alimtazama binti wa mdogo wake, bila kumwomba na bila kumlaumu, kama alivyotazama wanafunzi waliokuwa karibu kupata jibu.

"Mjibu wewe, Mwalimu," alisema. "Wewe ndiye unayeijua lugha."

Mkuu wa shule alikuwa anatazama. Mzee wa Mbao, aliyejua, alikuwa anatazama kofia yake. Mratibu alikisogeza kipaza sauti mdomoni.

Kwa lugha ya wageni akasema, "Anasema hapana. Anaishi peke yake."

Bi Hodi aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea chenji bila kuihakiki, akakaa tena kando ya Redio.

Redio hakusimamishwa Jumatatu wala siku nyingine. Mchezoni bado waliokuwa wakimkwepa walimkwepa, lakini neno mwongo halikutamkwa. Kutoka ng'ambo ilikuja picha ya ukuta: wameufuta mstari uliogawa pande mbili, karatasi zimechanganywa. Hapa wazazi kadhaa waliwaondoa watoto wao kwenye mradi bila kutoa sababu, na safari za kutembeleana zikaahirishwa, kisha hazikuzungumzwa. Siku moja Bi Hodi alikuta neno limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa darasa lake, neno moja, la kike, la zamani, la siku za kununuliwa watu. Alilisoma. Akabisha hodi juu yake, vumbi la chaki likamshika kidoleni, akangoja aitikiwe.

Mwisho wa mwaka alistaafu. Mratibu aliendelea kumtembelea kila Ijumaa kama siku zote. Walizungumza habari za gesi kupanda bei, bomba linalovuja, dawa za presha. Hawakugombana hata mara moja, na ndilo lililomtisha Mratibu, kwa sababu zamani waligombana vizuri. Kimya chao kilikuwa na adabu kama sebule ya wageni. Mara nyingi alifika na sentensi imekamilika kichwani, akaishia kuosha vikombe.

Kisha presha ikampiga Bi Hodi upande mmoja, jirani akamkuta sakafuni, nusu ndani nusu nje ya mlango wa chumba chake, na hakutoka tena hospitali. Siku ya kumzika Mzee wa Mbao alisimama nje ya geti la ile nyumba ya vyumba viwili, kofia mkononi, geti liko wazi na watu wanapita kando yake, na hakuingia mpaka mmoja alipokumbuka kumwambia karibu. Redio alikuwepo pia, kimya, jambo ambalo kila mtu aliliona. Mama mkwe wa Mratibu hakuja. Siku hizi haji sana kwa mwanawe, na akija hawataji mababu mezani. Mume wa Mratibu amemuuliza mara moja tu kilichotokea, na alipoambiwa akauliza kama kuna chai. Mratibu bado hajui jibu hilo aliweke upande gani.

Kilichotokea kilitokea wodini, alasiri moja, siku mbili kabla ya mwisho. Wodi ile haikuwa na milango. Kati ya kitanda na kitanda palining'inia pazia la kijani lililofifia kwa kufuliwa, na wauguzi walilivuta na kuliachia bila kuuliza, mgonjwa awe amevaa au hajavaa. Mratibu alitoka kazini na chupa ya uji mkononi. Alipokaribia aliona kwa chini ya pazia viatu vya mama mkwe wake, vile vyeusi vya kwendea kuwaona wagonjwa. Alikuwa amekuja kumjulia hali yule mama aliyemlea mke wa mwanawe, kama ustaarabu unavyotaka, na kiti chake kilikuwa karibu kabisa na mto.

Angeweza kusubiri aondoke. Angeweza kulivuta pazia akaingia akisema shikamoo kwa wote wawili, na jioni ingepita. Alisimama pale na uji unamchoma kiganja. Wagonjwa wa vitanda vya ng'ambo ya pili walikuwa wanamtazama. Hapakuwa na mlango wa kugonga, basi akakunja kidole cha kati, akagonga chuma cha kitanda.

"Hodi."

Kisha ikaja ile sauti, imepinda upande mmoja, lakini ni ile ile.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Mratibu alisikia kiti cha mama mkwe kikisogea kidogo, kama mtu anayejiandaa kumwonea huruma mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu. Akasema kwa sauti ya darasani, ile ya kufika mpaka dawati la nyuma.

"Mtoto wa mdogo wako, wa tumbo moja. Kitukuu cha mpishi wa chumba cha nyuma, pale panapopangwa mbao. Naomba kuingia."

Viatu vyeusi havikusogea. Mahali fulani kijiko kilianguka sakafuni na hakuna aliyekiokota. Nyuma ya pazia Bi Hodi alichukua muda wake, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Mratibu alijua kwamba mgonjwa hakulala wala hakusahau. Aliachwa nje kwanza. Akagonga tena.

"Karibu, mwanangu," Bi Hodi alisema. "Ingia, saa za kuona wagonjwa zinakwisha."